Miji Mitano na Ijumaa Moja

Vitoria, 23 Novemba 1997

Kaka Anselmo,

Hujambo huko, na wifi Encarna je, mguu wake umepona? Sisi tu wazima, ila mvua ilianza wiki ya kwanza ya Oktoba na haijapumzika. Koldo anakusalimu. Mama yake atafanyiwa upasuaji wa goti baada ya mwaka mpya, kwa hiyo mume wangu siku hizi hana mazungumzo mengine ila goti. Unai ametimiza miaka kumi na minne na sauti imevunjika. Akiomba chumvi mezani sijui kama ni yeye au baba yake. Izaro ana kumi na sita na ameacha nyama. Nakuambia mapema, usije ukasimama mlangoni na paja la nguruwe mkononi, ukatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nimekata shauri: Juma Kuu lijalo nawaleta watoto kusini. Koldo atabaki na mama yake. Wanangu wanaijua Andalusia kwa picha tu; mara ya mwisho tulipokuja Unai alikuwa bado anabebwa. Nimekaa na ramani na ratiba za treni jioni tatu, nimechora jedwali, na ninajivunia. Jumamosi tunafika Málaga. Jumapili Granada, siku mbili. Jumanne Córdoba. Jumatano hadi Ijumaa Sevilla. Jumamosi mchana tunakula kwako Utrera, jioni tunashuka Cádiz, na Jumapili ya Pasaka tunarudi. Siku tisa, miji mitano, bila kukuhesabu wewe.

Najua utacheka. Cheka, lakini niandikie, usipige simu. Kwenye simu unapiga kelele mpaka Koldo anadhani tumefiwa.

Izaro ana ombi moja tu. Anataka kukuona chini ya jukwaa lile mnalobebea sanamu ya Bikira Maria kwenye maandamano. Amesimulia shuleni kwamba mjomba wake anabeba tani moja na nusu kwa shingo. Nilimkumbusha kwamba mko wanaume thelathini humo chini, akasema hilo wenzake hawana haja ya kulijua.

Dada yako,
Chelo

*

Utrera, 9 Desemba 1997

Dada yangu Chelo,

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani, Encarna akacheka mpaka akaomba maji. Mguu wake umepona, ahsante. Sasa anautumia kunipiga teke chini ya meza kila nikitia chumvi kwenye hadithi. Kiwandani zeituni mwaka huu ni nyingi, ndogo lakini ngumu, na mikono yangu inanuka maji ya chumvi hata Jumapili. Mwambie Izaro paja la nguruwe litafichwa kabatini. Atapikiwa mchicha na dengu, na akitaka kuongeza aongeze.

Jedwali nimeliona. Umeondoka hapa miaka ishirini tu na tayari umekuwa mtu wa kaskazini kabisa. Sevilla, katikati ya Juma Kuu, na masanduku matatu? Siku hizo hata padri mwenye haraka havuki barabara. Utafika saa tano asubuhi, hoteli utaiona ng'ambo ya mtaa, na utaiingia saa mbili usiku, kwa sababu katikati yenu kutakuwa na maandamano ya chama kimoja cha kanisa, nyuma yake cha pili, na watu elfu moja wenye kofia ndefu za ncha wasiosikia samahani yako. Treni yako ya kwenda Córdoba nakisia inaondoka saa moja asubuhi. Huyo Unai utampandisha kama mzigo.

Lakini hayo ni yako. Langu ni hili: umeniwekea Jumamosi. Jumamosi Bikira wetu ameshalala kanisani, jukwaa limevuliwa maua, na mimi nimelala chali na taulo la moto shingoni. Utawaonyesha watoto nini, mjomba anayekoroma? Bikira anatoka Ijumaa Kuu saa kumi na moja jioni, na saa moja kasoro robo anapita kwenye kona ya baa ya Frasquito. Hapo ndipo pa kusimama. Mtaa ni mwembamba, jukwaa linapita likibakiza kiganja kila upande. Izaro asitarajie kuuona uso wangu. Pazia linashuka mpaka karibu na ardhi na mtu haonekani ila viatu. Nitavaa vyenye kamba nyekundu, boriti ya tatu kutoka mbele, pembeni kushoto. Aniangalie hapo.

Kila mwaka lazima tupimwe kwanza. Safari hii ni Jumapili, tarehe mosi Februari. Tunapanga mstari kama askari, msimamizi anapitisha kiganja kwenye mfupa wa shingo ya kila mmoja, na kwa kimo chako unapewa boriti yako, warefu mbele, wafupi nyuma. Ukiwa mfupi kuliko wenzako wa boriti moja, uzito wote unawaangukia wao na wewe unatembea bure. Ila mimi huu ni mwaka wa thelathini na nne. Kupimwa kwangu ni salamu tu. Msimamizi siku hizi ni Damián, mtoto wa Lola wa duka la vitambaa. Nilimfundisha mwenyewe kukunja ngata.

Nina miaka hamsini na saba, Chelo. Shingo hii ina mwaka mmoja, labda miwili. Nataka watoto wako wanione nikiwa bado ninabeba. Nalisema mara moja tu, usinifanye nilirudie. Hamisha Ijumaa.

Kaka yako,
Anselmo

*

Vitoria, 14 Januari 1998

Kaka,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wifi. Sikukuu ya Wafalme na zawadi zake ilipita vizuri. Unai alipewa viatu vya mpira ambavyo wiki moja baadaye vimeshambana. Mama mkwe ameshafanyiwa upasuaji na anaamuru watu kitandani, dalili ya afya.

Tumekaa kikao. Nilidhani mimi ndiye mwenyekiti, kumbe mimi ni karani. Unai ametaka bahari siku mbili, si mlo mmoja. Izaro hataki kuamshwa kabla ya saa tatu, awe Granada au peponi. Nimepigwa kura mbili kwa moja katika kila jambo, isipokuwa moja tulilokubaliana wote bila kubishana: Ijumaa Kuu ni Utrera. Sevilla tunaikimbia Alhamisi asubuhi kabla watu wako wa kofia ndefu hawajafunga mitaa, tunalala kwako siku mbili, Jumamosi Cádiz. Umeshinda. Usivimbe kichwa.

Izaro amebandika picha ya Bikira wenu juu ya kitanda chake. Baba yake anasema nyumba hii haikuwa na picha ya kanisani tangu ijengwe. Izaro anaitaka ile kona ya Frasquito na amenifanya nimchoree.

Halafu wewe na "warefu mbele" yako. Nakumbuka ulivyokwenda kupimwa jeshini umechana nywele kwenda juu ili upate sentimita moja. Siku hizi hata nywele huna. Kazini kwangu kwenye duka la dawa bibi wanakuja kila wiki kulalamika kwamba sketi zao zimerefuka. Nawaambia si sketi, mama, ni wewe. Angalia suruali zako, kaka.

Niandikie ulivyopimwa. Izaro anataka kujua boriti na upande, asije akashangilia viatu vya mtu mwingine.

Chelo

*

Utrera, 26 Februari 1998

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi ni nyingi, na posta nayo, unaijua. Jana tumepakwa majivu, Kwaresima imeanza, na Encarna ameanza kukaanga mikate ya maziwa na asali, nyumba nzima inanata. Mtoto wa jirani ameoa msichana wa Jerez anayeimba vizuri na kupika vibaya. Paa la banda limevuja. Paka amezaa nyuma ya tangi la maji, wanne, mmoja hana mkia. Nilinunua miche ya nyanya mapema mno nayo baridi ikaiua yote.

Nimelifikiria sana lile jedwali lako, na nakiri nilikuonea. Kwa nini uwabane watoto kwenye mji mdogo siku mbili nzima? Unai anataka bahari, basi mpe bahari. Ukitoka Sevilla Alhamisi pitiliza moja kwa moja mpaka Cádiz. Treni haibadilishwi. Cádiz wana maandamano yao, mazuri pengine kuliko yetu, na upepo wa baharini, na samaki wa kukaanga kila kona. Hapa Ijumaa watu wanabanana, ubani unachoma macho, na mtaa wa Frasquito wanasema utafumuliwa kwa ajili ya mabomba. Pia mwaka huu mvua inatishia, na ikinyesha Bikira hatoki kabisa, mtakuwa mmekuja kutazama mlango wa kanisa. Sisi tutaonana siku nyingine. Mimi na Encarna tunaweza kuja huko kwenu kiangazi, nimwone huyo mama mkwe.

Wasalimie watoto.

Anselmo

(Pembeni mwa karatasi, kwa mwandiko mwingine: Chelo, usimsikilize. Njooni. Encarna.)

*

Vitoria, 8 Machi 1998

Kaka Anselmo,

Sisi wazima na salamu ni hizo, kwa sababu nina hasira na nataka kukupa vidonge vyako kabla havijapoa.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nimesoma habari za mkwe wa jirani, za paa, za nyanya, za paka wanne na mkia wa mmoja wao. Kupimwa hakumo. Tarehe mosi Februari ilipita, wewe ndiye uliyeniandikia tarehe hiyo, na wewe ambaye Desemba ulinikaripia kwa sababu ya Jumamosi sasa unanisukuma Cádiz kama mtu anayefukuza kuku uani. Mabomba? Tangu lini mji huo ukafumua mtaa Juma Kuu? Wangeanza na kichwa cha meya.

Kama ni moyo, niambie. Kama ni mgongo, niambie. Nafanya kazi kwenye duka la dawa, siogopi majina ya magonjwa. Naogopa ukinyamaza. Baba alinyamaza miezi mitano, na sisi tukadhani ana hasira.

Na kama si ugonjwa, basi ni sisi. Sipendi kuandika hili lakini naliandika. Mwaka ule Unai alipolia kwenye maandamano nikalazimika kumwondoa, nilisikia maneno ya watu. Kwamba watoto wangu ni wa kaskazini, kwamba hawajui kusimama mbele ya Bikira. Alikuwa na miaka mitatu. Kama unaona aibu kuwa nao pale konani, niambie wazi, nitakuelewa, kisha sitakuandikia mpaka Krismasi.

Izaro ananiuliza kila siku kama barua imefika. Nimjibu nini?

Chelo

*

Utrera, 20 Machi 1998

Chelo,

Siumwi. Nimepanda ngazi kurekebisha paa na nimeshuka mzima, Encarna ni shahidi.

Kuhusu watoto, ukirudia maneno hayo nitapanda treni nije nikupige kofi, mkubwa ulivyo. Wanao ni damu yangu. Aliyesema mabaya siku ile nilimjibu siku ile ile na mpaka leo hanisalimii.

Kupimwa kulikwenda kama kunavyokwenda. Cádiz ni kuzuri zaidi, basi. Binamu yake Encarna ana vyumba viwili karibu na soko, dirisha moja linaona bahari, nimeshamwambia awawekee kuanzia Alhamisi. Msiulize sana. Nendeni mkale samaki.

Anselmo

*

Vitoria, 30 Machi 1998

Kaka,

Haya. Tumekubali vyumba vya binamu ya wifi, mshukuru kwa niaba yetu. Tiketi nimebadilisha. Alhamisi Sevilla mpaka Cádiz, na treni itapita Utrera saa saba na dakika kumi. Itasimama dakika moja. Usije kituoni.

Unai amefurahi kwa sababu ya bahari. Izaro ameitoa ile picha ukutani akaiweka ndani ya kitabu, na nilipomuuliza akasema inapata vumbi.

Sijui nimekukosea nini. Ungesema ningeomba radhi, hata bila kujua kosa, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa na miaka minane. Nimeumia, Anselmo. Naliandika hivyo hivyo ili usije ukasema hukujua.

Chelo

*

Utrera, 14 Aprili 1998

Chelo, dada yangu,

Natumai mmefika salama na mama mkwe anatembea. Encarna amesimama mlangoni mwa jikoni mpaka nimalize barua hii, kwa hiyo salamu zitakuwa fupi.

Najua ulichofanya. Ijumaa ulimpandisha Izaro treni peke yake bila kunipigia simu, wewe ambaye hunywi kahawa bila kuiandika kwenye ratiba. Ulitaka nikutwe, na nilikutwa. Izaro amesema hatakueleza chochote, kwamba jambo ni langu na nilieleze mwenyewe. Mtoto yule ana kifua. Sijui kakitoa wapi, kwetu hakuna.

Nianze na Februari. Nilipimwa nikatolewa.

Nimekuwa nikipungua, Chelo. Hata boriti ya tatu niliyokuandikia ilikuwa ya zamani. Walikuwa wameshanirudisha ya tano, na mwaka juzi ya mwisho. Nilimwendea fundi viatu akanikatia soli mbili za ngozi za kuweka ndani ya viatu. Mwaka jana nikaongeza mbili. Halafu mwaka huu, wiki mbili kabla ya kupimwa, ikaja barua yako na wale bibi wenye sketi. Encarna alicheka. Mimi nilikwenda chumbani nikatazama suruali zangu.

Tarehe mosi Damián alipitisha kiganja shingoni kwangu, akasimama, akanitazama miguuni. Hila zote za kazi hii nilimfundisha mimi, na hiyo pia. Akaniambia polepole, wengine wasisikie, "Mwalimu, vua viatu." Nikavua. Akanisimamisha chini ya boriti ya mwisho, na vidole vyake vitatu vikapita kati ya mfupa wangu nayo bila kugusa kitu. Akasema angeweza kuniacha nitembee tu humo ndani, hakuna atakayejua. Nikamwambia wa kulia kwangu atajua na wa kushoto atajua, kwa sababu wao ndio watakaobeba sehemu yangu. Nikavaa viatu nikaenda nyumbani. Encarna nilimwambia siku ya tatu.

Wewe sikuweza kukuambia. Mtoto alikuwa ameshatangaza shule nzima. Niliona aibu, Chelo, si kingine. Niliona afadhali unikasirikie kuliko watoto wanikute nimesimama kando ya barabara na wazee wenye fimbo. Uliposema unadhani ni kwa sababu ya watoto, nilikaa na kalamu jioni mbili, na bado nikakuandikia habari za samaki. Hilo ndilo ninaloomba unisamehe, kuliko yote.

Ijumaa Encarna alikwenda kwa dada yake mwenye roshani. Mimi nilipanga kujifungia, madirisha yamefungwa, mpaka ngoma zipite. Saa kumi na moja na nusu kengele ya mlango ikalia. Nilifungua nikiwa na kandambili na fulana ya kulalia. Izaro yupo pale, mrefu kuliko mimi sasa, ameshika samaki wako wa kukaanga, karatasi imelowa mafuta.

Akauliza kama Bikira hajatoka. Nikasema ametoka, ila mimi ni zamu ya pili, tunapokezana kwenye kona ya Frasquito. Ulimi ulisema wenyewe. Nikamwambia angoje nivae. Na nikavaa, Chelo. Suruali nyeupe, viatu vya kamba nyekundu, ngata kichwani, kila kitu. Ule mkanda wa kitambaa wa kiunoni una mita nne, mtu hawezi kujifunga peke yake, kwa hiyo nilimpa Izaro ncha aishike huku mimi najizungusha kumwendea. Aliuvuta kwa nguvu zote, akaniuliza umebana vya kutosha. Nikamjibu umebana vizuri. Mtoto ameshika mkanda wangu, anahangaikia mgongo wangu usiumie, na mimi namdanganya.

Nilimsimamisha konani, nikamwambia aangalie viatu. Kisha nikazunguka, nikaingia kwa Frasquito kwa mlango wa nyuma, nikakaa stoo juu ya kreti la bia. Frasquito aliniona na mavazi yale, akaniletea glasi ya mvinyo, akarudi kwenye kikaango chake.

Ngoma zikaja. Nikasikia msimamizi anagonga nyundo ya kuwaamuru wasimame, jukwaa likatua kupumzika mbele ya mlango wa baa kabisa. Izaro alikuwa ameshahesabu viatu vyote upande huu na upande huu, akakosa kamba nyekundu. Akaingia kuuliza. Frasquito akamwelekeza kwa kidevu.

Alinikuta nimeshika ngata mapajani. Akauliza, "Zamu ya pili ndiyo hii?"

"Hakuna zamu ya pili," nikamwambia. "Nimekuwa mfupi. Wamenitoa."

Nilimwambia yote, soli na vidole vitatu na barua nilizokuandikia. Nilidhani atacheka, au atanionea huruma, na sijui ni lipi nililoliogopa zaidi. Hakufanya moja wala jingine. Akasema basi tutoke, wanakaribia kuondoka. Nikamwambia atoke yeye, mimi Bikira huyu nimembeba mara thelathini na tatu.

"Na akitembea anakuwaje?" akaniuliza.

Nikafumba macho nimwone akitembea. Nikatafuta. Chelo, nilimwona kanisani kila Jumapili, amesimama. Nilipokuwa mdogo nilimwona akipita, lakini baba alikuwa amenibeba na nilikuwa nikitazama vibanda vya peremende. Kisha nikawa kijana nikaingia chini, na tangu hapo sijatoka.

Nikatoka, na mkanda wangu na ngata yangu mkononi, mbele ya mtaa mzima. Sisi tulizoea kuambiana kwamba tunamtembeza imara, hatikisiki. Kumbe huko juu kila mshumaa unatetemeka. Nguzo za fedha zinazoshika paa la kitambaa juu yake zinagongana polepole, na yeye mwenyewe, kila hatua, kichwa kinainama kidogo sana, kama mtu anayesikiliza habari mbaya na anakubali. Miaka yote hiyo tulikuwa tukimfanya afanye hivyo, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniambia. Nililia, mtu mzima, na sikujificha. Izaro alinishika mkono wa shati na hakunitazama, akanipa nafasi. Kutoka chini ya pazia mtu mmoja akasema, "Anselmo, rudisha hivyo viatu nyuma, tutakukanyaga." Watu wakacheka, nikacheka nami, nikarudi nyuma.

Tulimfuata mpaka mlangoni mwa kanisa, mimi na mwanao. Aliniuliza mambo mengi na mengi sikuyajua.

Encarna anasema karatasi inatosha. Mwakani Ijumaa Kuu inaangukia tarehe mbili Aprili, nimeshatazama kalenda. Njoo na Koldo na Unai na Izaro. Kati ya miji yako yote nipe siku hiyo moja. Sina kazi.

Kaka yako,
Anselmo